Kupandisha Kiwanja

Kuna mitaa ambako lori la taka likipita watu huziba pua na kufunga madirisha. Kule bondeni lilingojewa barabarani. Mwenye kiwanja alisimama mbele ya nyumba yake amevaa buti za mpira, akimpungia dereva mkono, rudi, rudi, kata kulia, hapo hapo, kisha shehena ikamwagwa uani kwake: maganda, chupa, magodoro yaliyochanika, mifuko ya plastiki chungu nzima, na maji meusi yaliyochuruzika mpaka mlangoni. Majirani walikuwa kando na reki zao mkononi, na wengine walimpa hongera.

Usiwacheke. Bonde lile lilikuwa kinamasi kabla halijawa mtaa, na maji hayakusahau kwao. Kila masika yalirudi. Mtu aliyenunua kiwanja huko alikuwa na mawili: alale na maji au apandishe kiwanja. Kifusi cha mawe ni cha wenye nazo, lakini takataka za mji zilikuwa za bure, ukiacha chai ya dereva, ambaye naye alifurahi kuepushwa na safari ndefu ya kwenda jaa kuu. Basi taka zilimwagwa, zikatandazwa, zikakanyagwa, zikafunikwa udongo mwekundu, na juu yake mtu akalala usingizi. Alilala mpaka jirani naye alipopandisha. Maana maji hayabishani na mtu. Yakikuta kwako pamenyanyuka yanakwenda kwa mwenzako, na mwenzako anapandisha kukuzidi, nawe unaongeza. Ndivyo walivyoishi, wakipokezana mafuriko. Zilikuwapo nyumba ambazo madirisha yake yalifika usawa wa vifundo vya miguu, na watu wazima walioingia chumbani kwa kuinama kwa sababu sakafu ilipanda na paa likabaki pale pale.

Nyumba mbili tu hazikupanda: ya Shangazi, mshonaji, na ile ya nyuma yake, ya Fundi Viatu. Zamani kizingiti cha Shangazi kilikuwa sawa na barabara. Sasa kuingia kwake ulishuka, ukishika ukuta, na mvua ikinyesha kidogo tu ulishuka na maji yakashuka nawe. Watu waliopita juu waliona kichwa chake kimeinamia cherehani, wakamwamkia kwa kuchungulia chini.

Aliyemzuia asipande ni mtoto wa kaka yake.

Huyu alikuwa afisa mazingira wa manispaa, na mtaani walimwita Bwana Mfereji, baadhi yao kwa heshima na wengi kwa kebehi. Shangazi alimlea tangu baba yake alipofariki. Sare za wanafunzi wa shule tatu zilipita chini ya sindano yake ili huyu mmoja avae ya kwake na aende mbele, na kweli alikwenda mbele, akasoma, akarudi na shahada na imani. Imani yake ilikuwa mfereji. Alisimama mbele ya madiwani akawaeleza kwamba bonde lile halihitaji takataka bali mfereji mmoja mpana wa zege, kutoka juu kwenye soko hadi mtoni. Akawaonyesha jinsi taka zinavyooza chini ya vitanda vya watu, jinsi sumu inavyoingia visimani, jinsi kila anayepandisha anavyomzamisha mwenzake. Wakamsikiliza. Wakapitisha sheria ndogo: marufuku kujaza kiwanja kwa taka. Nayo manispaa, kwa upande wake, ingechimba mfereji.

Na tuseme ukweli, bwana huyu hakukosea. Kila alilolisema lilikuwa sahihi, na hata leo ukimuuliza mtaalamu yeyote atakwambia hivyo hivyo. Ndiyo maana ilimwuma zaidi baadaye, kwa sababu mtu aliyekosea anaweza kutubu, lakini yeye hakuwa na la kutubia ila kuaminiwa.

Siku sheria ile ilipotangazwa mtaani palikuwa na mkutano, na watu walinung'unika, na ungekuwa umevunjika kama Shangazi asingesimama. Alisema yeye hataweka uchafu wa watu chini ya kitanda chake, atasubiri mfereji, na asiyetaka kusubiri asimchafulie mtoto wake jina. Fundi Viatu, mzee mjane ambaye kazi yake kubwa baada ya viatu ilikuwa kutaniana na Shangazi tangu asubuhi, alinyanyuka naye akasema kwamba kama huyu mama hajazi, yeye hajazi. Mama huyu akizama peke yake, nani atamtukana yeye akiamka? Watu wakacheka, mkutano ukaisha salama. Bwana Mfereji alirudi ofisini siku hiyo moyo umejaa.

Mfereji ulianza vizuri. Walikuja wapimaji, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu toka sokoni hadi mtoni. Likaja jiwe la msingi, likaja na mgeni rasmi na maturubai. Halafu fedha zikahamishiwa kwenye taa za barabara kuu, kwa kuwa kulikuwa na wageni wa kimataifa watakaopita. Mwaka uliofuata mkandarasi alipatikana akakimbia. Mwaka mwingine ikasemekana mchoro ni wa kizamani, uchorwe upya. Kila masika Bwana Mfereji alishuka bondeni, akamsaidia Shangazi kupanga matofali chini ya miguu ya kitanda, na kila mara alimwambia mwakani. Subira yavuta heri, alimwambia. Shangazi alimjibu kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, lakini alicheka alipokuwa akisema hivyo, na yeye akachukulia kwamba wameelewana.

Masika ya safari hii yalikuwa karibu, mawingu yamekwisha kushuka, Bwana Mfereji aliposikia jambo lenyewe. Kilikuwa kikao cha bajeti. Mkurugenzi, mama mmoja mstaarabu asiyepandisha sauti kamwe, alifika kwenye mfereji akasema umeingizwa awamu ijayo, akageuza ukurasa. Hakuna aliyeuliza swali. Bwana Mfereji alinyoosha mkono, na Mkurugenzi akamwambia kwa upole kwamba hoja yake inaheshimiwa sana.

Baada ya kikao Mhandisi, rafiki yake wa siku nyingi, alimvuta kando kwenye korido penye mashine ya maji isiyofanya kazi.

"Acha kujisumbua, ndugu yangu," akamwambia. "Hata wangetupa hela leo, mfereji hauna pa kupita."

Alimweleza taratibu. Ile njia ya vigingi ilikuwa imekwisha kujengwa. Watu waliona ardhi iko wazi, wakaijaza taka usiku kwa usiku, wakapandisha vyumba, vibanda, mpaka choo cha shule kimo ndani yake. Kuwatoa kunataka fidia, na fidia yenyewe inaishinda gharama ya mfereji mara kadhaa. Walioivunja sheria ndio walioziba njia, na sasa sheria nyingine inawalinda. Waliotii hawamo popote.

"Umejua lini?" Bwana Mfereji aliuliza.

"Mwaka juzi. Nilidhani na wewe unajua, ila unaona haya kusema."

Hakuwa anajua. Lakini alipokuwa akishuka ngazi za ofisi alijiuliza kama kweli hakujua. Mara ngapi alipita kule akaona ukuta mpya umesimama palipokuwa na kigingi, akageuza shingo? Aliandika maonyo, akabandika matangazo, akamkamata dereva mmoja wa lori akatozwa faini, na dereva yule alipotoka tu akaendelea na biashara. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Alikuwa ameishika fimbo hiyo muda wote, na mkono sasa ulikuwa umechoka.

Hakupitia nyumbani. Alishuka bondeni moja kwa moja.

Shangazi alikuwa kazini. Cherehani yake ilikuwa juu ya meza, meza juu ya matofali, na yeye juu ya kiti kirefu ambacho Fundi Viatu alimuungia miguu, hivi kwamba alishona karibu na dari, vitambaa vya wateja vimening'inia kwenye boriti kumzunguka. Ukutani kulikuwa na alama za maji, moja juu ya nyingine. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa mpaka kwenye muundi. Vidonda vilivyofungwa humo havikukauka tangu masika yaliyopita, kwa sababu sakafu nayo haikukauka.

Alimwamkia, akaitikiwa, akaulizwa hali ya mke na watoto. Alijibu wote wazima. Halafu akakaa kitandani, kitanda kikatikisika juu ya matofali yake.

"Shangazi," akasema, "mfereji hauji."

Mguu wa Shangazi ukasimama kwenye pedali.

"Si mwakani tu. Hauji kabisa. Njia yake imejengwa."

Shangazi alikata uzi kwa meno, akaikunja sketi aliyokuwa akiishona, akaiweka juu ya nyingine. Hakuonekana kushtuka.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nasubiri uniambie wewe mwenyewe."

"Ulijua? Sasa kwa nini hukujaza?"

"Ningejazaje, mwanangu? Watu wangesema hata shangazi yake hamwamini. Ungeingia na sura gani ofisini?" Aliiangalia miguu yake kidogo. "Nimelala na maji kukulindia jina lako. Kama jina nalo ndilo hilo, basi."

Aibu ilimpanda Bwana Mfereji mpaka masikioni. Alitamani agombezwe. Angegombezwa angeweza kujitetea, angetaja mchoro, mkandarasi, taa za barabarani, lakini Shangazi hakumpa nafasi hiyo. Alichukua kitambaa kingine akatafuta upande wake wa ndani.

Akamwomba ahamie kwake, ghorofani. Wangejibana. Shangazi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mgeni siku mbili. Ya tatu mtanipa jembe, na huko kwenu juu hata pa kulima hapana."

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa ndipo wateja wake wanapomjua, na kwamba masika haya miguu yake haitayaweza. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja kwamba mafuta ya taa yameisha. Bwana Mfereji alisikia, akaelewa kwamba ameambiwa jambo la kifo.

"Nitaleta lori," akasema.

"Nani?"

"Mimi mwenyewe."

Shangazi alichomeka sindano kwenye kitambaa. Halafu akasema alete upesi, kabla mbingu hazijafunguka.

Alipotoka alimkuta Fundi Viatu mlangoni kwake, kule nyuma, ameshikilia kiatu baina ya magoti akikigongomea soli. Nyumba yake ilifikiwa kwa kichochoro cha kupita mtu mmoja, ubavuni mwa ile ya Shangazi. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa mfanyabiashara aliyepandisha kiwanja chake juu kuliko wote. Kushoto na kulia palikuwa pamekwisha kupanda. Mbele palibaki uwanja wa Shangazi tu, na kama huo nao ungenyanyuka, chumba cha Fundi kingekuwa sufuria. Haikuhitaji shahada kuliona hilo, na yeye alikuwa nayo. Alisimama pale, akaliona lote, kama alivyowahi kuwaeleza madiwani kwa fimbo ya kuonyeshea.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, bwana mkubwa. Huyo shangazi yako amekutukana na wewe leo, au amenibakizia mimi yote?"

Alicheka pamoja naye, akapita. Alijiambia kwamba baada ya Shangazi watapandisha kwa Fundi, kwa matoroli, Jumamosi inayofuata. Kwanza huyu, halafu yule. Alikuwa amefika barabarani alipogundua kwamba amesema awamu ijayo.

Dereva aliyempata alikuwa yule yule aliyemtoza faini. Mji una madereva wengi, lakini huyu ndiye aliyekuwa na lori zima na moyo wa kuvunja sheria mchana. Alisikiliza ombi huku ameegemea mlango, akaomba arudiwe, akarudiwa. Hakucheka mbele yake, kwa hilo alimstahi. Alipopewa chai aliikataa.

"Kwa shangazi yako nitamwaga bure, bosi," alisema. "Na nitawahadithia wenzangu."

Wakaja Jumamosi asubuhi. Bwana Mfereji alivaa buti za mpira, akasimama mbele ya nyumba, akampungia mkono, rudi, rudi, kata kulia. Watu walitoka kuangalia. Hakuna aliyezomea, ilikuwa afadhali wangezomea. Mzee mmoja alimpa hongera, kwa nia njema kabisa. Shehena ilimwagika, harufu ikapanda, na inzi wakafika. Shangazi alitoka na khanga puani, akasimama juu ya barabara na vitambaa vya wateja wake begani ili visishike uvundo.

Aliyefanya kazi kuliko wote ni Fundi Viatu. Alikuja na reki kabla hajaitwa. Alitandaza, akakanyaga, akachomoa chupa zilizovunjika zisije zikamkata mwenye nyumba, akaelekeza wapi pabonyee na wapi panyanyuke, jasho likimtiririka. Ndani ya chumba walijaza kifusi na mchanga mpaka sakafu ikafika kwenye dirisha, na Shangazi alipoingia kujaribu kichwa chake hakikugusa paa. Mungu alimuumba mfupi kwa sababu, alisema, na Fundi akamjibu kwamba ulimi alimpimia mwingine. Walicheka wote wawili. Bwana Mfereji alikuwa akimwaga udongo mwekundu, kichwa chini.

Mara moja Fundi alinyoosha mgongo, akaangalia kwake, akaangalia lile tuta jipya lililokuwa limekatiza mbele ya kichochoro. Bwana Mfereji alimwona, akashika koleo akingoja aulizwe, na kama angeulizwa pengine angesema kweli. Fundi hakuuliza.

"Mwenzangu amepona," akasema tu, akaendelea kukanyaga.

Mvua haikungoja Jumamosi ya pili. Ilianza Jumatano mchana, ofisini kukiwa na semina ya miji endelevu, na sauti yake juu ya mabati ikamzidi mtoa mada mpaka akanyamaza. Bwana Mfereji alinyanyuka, akapita katikati ya viti bila kuomba radhi. Njiani maji yalikuwa yamekwisha kushika barabara. Soko lilikuwa linatapika kila kilichokuwa kwenye mitaro yake, maboga, masanduku, kandambili, vyote vikielekea bondeni, na yeye akaenda navyo.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa kavu. Aliona hivyo kabla hajafika: kizingiti kiko juu, udongo mwekundu umechuruzika pembeni lakini umeshika, na ndani sakafu haina hata tone. Cherehani ilikuwa mahali pake. Kitanda kilikuwa chini, kwenye sakafu, bila matofali. Alisimama katikati ya chumba kile, kwa mara ya kwanza katika masika yote aliyoyakumbuka, na miguu yake haikukanyaga maji, naye akajisikia furaha. Ilikuwa furaha ya kweli, wala haikumwomba ruhusa. Akamwita Shangazi. Hakuitikiwa.

Alimkuta kwa Fundi. Alipanda tuta akateremka upande wa pili, na maji yakampokea magotini, na ndani ya chumba yakampata mapajani. Shangazi alikuwa humo na vile vidonda vyake, gauni amelifunga kiunoni, anachota kwa beseni na kumwaga dirishani. Fundi alikuwa amekaa juu ya meza yake ya kazi, miguu ameikunja, akivua viatu vya wateja vilivyokuwa vikielea. Alikuwa akivipanga mapajani viwili viwili na kuvitazama, na vingi havikuwa na vyenzake.

"Shangazi, miguu yako," alisema Bwana Mfereji.

Shangazi hakugeuka. "Chota."

"Toka kwanza. Nitachota mimi."

Hapo alimgeukia, na uso wake ulikuwa umelowa wote.

"Ulijua?"

Mvua ilipiga bati, na Fundi aliinamia viatu vyake kama hasikii, akasogeza kimoja hapa na kingine pale.

"Mimi umeniongopea miaka yote, nikameza," Shangazi alisema. "Lakini huyu hukumwongopea hata. Ulimwamkia ukapita."

Alirudia beseni lake. Bwana Mfereji alivua koti, akalitundika kwenye msumari uliokuwa bado juu ya maji, akachukua ndoo iliyokuwa ikizunguka pembeni. Akaizamisha, akaijaza, akaibeba hadi mlangoni.

Mbele yake lilikuwapo tuta la Shangazi, na upande huu wa tuta maji yalikuwa usawa mmoja na ya ndani. Beseni la Shangazi lilipomwagwa dirishani, aliyaona maji yakizunguka kona na kurudi mlangoni. Akatazama kushoto, ukuta. Akatazama kulia, ukuta. Nyuma ya nyumba alijua kilichoko.

"Fundi," akasema, "niyamwage wapi?"

Fundi aliinua macho kwenye viatu. Alimtazama kwa adabu, kama mteja anayengoja zamu yake mbele ya dirisha la ofisi, na alionekana yuko tayari kungoja. Shangazi alichota, akamwaga, akachota. Bwana Mfereji aliendelea kusimama mlangoni na ndoo mkononi, nayo ilikuwa imejaa, na mvua ikaendelea kuijaza.